Kabati Lenye Utepe

Nilikuwa nasugua ganda la pichesi ndani ya barakoa ndogo ya plastiki, kwa mara ya tatu mchana ule, na Peace alikuwa ananitazama kutoka uvunguni mwa kitanda.

"Inanukia nini sasa?" nilimuuliza.

"Plastiki."

Nikaendelea kusugua.

Peace ana miaka mitano na ngiri inayohitaji upasuaji. Mwezi uliopita aliingizwa chumba cha upasuaji kwa utaratibu wa Daktari Haruni, mkuu wetu, ambao mwenyewe anauita "mikono minane": watu wanne wanamkandamiza mtoto mpaka sindano ya usingizi iingie. Peace alimng'ata wa kwanza, akamtapikia wa pili, upasuaji ukaahirishwa. Sasa wamerudi tena hapa Makambako kutoka Lupembe, na mama yake, Dainess, ameniambia wazi kwamba ikishindikana kesho, baba hatakubali tena. Ngiri ikija kujibana wakiwa kule kwenye mashamba ya chai, mtoto anaweza kufia njiani.

Dawa ya kumtuliza ipo. Kuna mashine inayoigeuza kuwa mvuke. Mtoto anauvuta kwa barakoa akiwa mapajani mwa mama yake, na baada ya muda hajali tena nani anamchukua. Mashine mpya mbili ziko kabatini tangu Juni. Kabati limefungwa utepe mwekundu, linamsubiri mgeni rasmi kutoka Njombe aje kuukata. Ameahirisha mara tatu. Sasa ni Januari, na mikono minane haijapumzika.

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Daktari Haruni nimempa miezi saba.

Saa tisa alipita wodini.

"Sista Idda, umefungua chekechea?"

"Namzoesha barakoa, Daktari. Kesho naomba mashine moja."

"Halafu mgeni rasmi azindue nini? Boksi tupu?" Akacheka peke yake. "Mnawadekeza. Mtoto anashikwa, analia dakika mbili, kwisha."

"Shikamoo, Daktari," alisema Dainess, aliyekuwa kando ya kitanda akinimenyea pichesi. "Wewe ulishawahi kushikwa?"

"Mimi ni mtu mzima, mama."

"Novemba uling'olewa jino," nikasema taratibu. "Ulimng'ang'ania Sila fundi umeme mpaka pete yake ikapinda."

Wodi nzima ikacheka. Mama wa kitanda cha dirishani alijishika tumbo. "Jamani, nyuzi zangu!"

Daktari Haruni akanyoosha koti. "Haya. Nitampigia mgeni simu. Akikubali wiki ijayo, huyu mtoto awe wa kwanza. Avalishwe gauni zuri, wapiga picha watakuwepo."

Nilimtazama kwa muda, nipate uhakika kwamba kweli amesema hivyo. Alikuwa amesema.

"Baki na utepe wako, Daktari," Dainess akamjibu. "Mwanangu si keki."

Daktari akaondoka bila kuaga. Nilikwenda kwa wenzangu wanaotibu pumu, wakaniazima mashine yao ya zamani ya mvuke mpaka kesho mchana. Imefungwa plasta ubavuni na inanguruma kama ya kusaga mahindi, lakini mvuke unatoka. Niliiosha, nikatia maji ya chumvi tu, nikaijaribu kwanza usoni mwangu, kisha kwa Dainess. Mtaalamu wa usingizi hapa ni mimi. Dozi ya kesho nilishaipigia hesabu kwa kilo za Peace na kuiandika kwenye faili.

Peace akatoka uvunguni. Akanusa.

"Pichesi," alikiri.

Alijiwekea barakoa mwenyewe. Tulihesabu pumzi pamoja. Moja, mbili, mpaka sita, kisha akaitoa.

"Ina kelele."

"Ina kelele, ndiyo. Tuongeze?"

"Kesho."

Pumzi sita hazitatosha kesho hata kidogo. Lakini sikumshika. Nilizima mashine, nikamwachia barakoa alale nayo, nikafunika pichesi moja kwenye kikombe kwa ajili ya kusugulia barakoa asubuhi. Nilipopita kabatini, utepe ulikuwa umeanza kupauka.