Sababu za Baba Kukataa Kuona

Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi kujenga hoja. Nawaambia hitimisho ni paa na sababu ni nguzo. Ng'oa nguzo, paa litaanguka. Watoto wa watu wananielewa. Baba yangu mzazi hanielewi, na asubuhi ile uvumilivu wangu ulikuwa umefika ukingoni.

Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema upasuaji wenyewe ni mdogo, lakini akizidi kuchelewa huenda asione tena. Baba hataki.

"Yule fundi saa wa mtaani alipasuliwa macho, akafa," alisema, akipapasa meza kutafuta kikombe.

"Baba, fundi saa aligongwa na pikipiki!"

"Baada ya kupasuliwa."

"Miaka mingi baadaye!"

"Si nimesema baada?"

Nikavuta pumzi. Nikamweleza taratibu, kama darasani, kwamba jambo kutangulia jingine si kulisababisha. Jogoo asipowika, kutakucha vilevile. Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

"Umesema kweli, Wakili." Ndilo jina alilonibandika utotoni kwa ubishi wangu. "Fundi saa tumwache. Lakini yule daktari mbona anavaa miwani? Angejua macho, si angetibu ya kwake?"

"Mganga hajigangi, Baba! Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Haya, na hilo tuliache."

Tukaliacha. Nikabomoa sababu ya umri, nikabomoa ya sindano ya ganzi, nikabomoa ya foleni. Kila nguzo niliyoisukuma alinisaidia kuisukuma, na paa likabaki palepale, hewani. Nilitamani kulia kwa hasira. Mwanafunzi wangu angenifanyia hivyo ningejua mara moja kwamba kuna nguzo hajanionyesha.

Mdogo wangu akaingia, akamwekea baba kikombe mkononi, akarudi jikoni. Ndiye anayemwongoza na kumsomea magazeti, tangu alipomkimbia mume aliyemvunja mkono.

"Baba," nikasema, "sababu yenyewe hasa ni ipi?"

Alisubiri hadi nyayo za mdogo wangu zisisikike tena.

"Siku ya kikao cha wakwe hukuwepo. Baba yako mkubwa alisema binti akae hapa aniuguze, nikipona arudi kwa mumewe. Nikakubali, nikaapa mbele ya watu. Umewahi kuniona nikivunja kiapo changu?"

"Hapana."

"Basi. Nikipona, anarudi. Na mimi sitaki arudi. Malizia mwenyewe, Wakili."

Nilimalizia. Nilitafuta ufa nisiuone. Mwaka mzima sikuwa nimesikia hoja iliyonyooka kama ile, na baba yangu alikuwa akipofuka kwa ajili yake.

"Sasa kwa nini hukuniambia, jamani?"

"Ningekuambia, ungenishinda. Wewe hushindwi."

Hasira ikanipanda upya, sijui nilimkasirikia nani. Nikaanza kusema kwamba kiapo cha namna ile hakina maana, mara nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba, uliapa kwamba nitarudi?"

"Niliapa, mwanangu."

"Kwa miguu ya nani?"

Akasogea hadi mezani.

"Mlikaa kikao, mkanipangia. Leo wewe na dada mmeshinda hapa mnang'oleana sababu. Nani kati yenu amewahi kuniuliza? Mimi sirudi. Ukiona, sirudi. Usipoona, sirudi."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Baba alikuwa amesema nikipona, anarudi, nami nikaipokea kauli hiyo bila hata kuigusa, mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa kosa hilohilo. Nilikuwa nimegonga kila nguzo isipokuwa ile iliyomhusu mtu aliyekuwa chumba cha pili akitupikia.

"Na neno langu?" baba akauliza, sauti imepungua. "Nitawaambia nini wakwe?"

"Waambie neno ulilitoa wewe, lakini mkono uliovunjwa ulikuwa wangu."

Baba alikiweka kikombe mezani, kikakosa ukingo, kikaanguka na kuvunjika. Hakuna aliyeinama kuokota. Alikaa ameuelekeza uso wake mlangoni, pale sauti ilipotoka, akikaza macho yale yasiyoona, kana kwamba safari hii yangemtii.

"Nipeni viatu, twende kwa daktari," akasema.