Shahidi wa Friza

Marta wa Tunduma hakuwahi kumwamini mtu, na alijisifia jambo hilo. Akirudishiwa chenji anainua noti juani. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, anajiuliza unataka nini.

Kwa hiyo jirani yake Rozi alipokuja kuazima friza, Marta alimtazama kuanzia kanga hadi kandambili.

"Siku moja tu, Mama Brayan. Nina wageni."

"Wageni gani wanaokuja kutazama friza?"

"Jamani! Soda zipoe tu."

Friza lile ndilo lililomlisha Marta. Alilinunua Nakonde, upande wa Zambia, likavushwa mpaka kwa njia za panya bila risiti, na kila siku aliwauzia maji baridi madereva wa malori kwenye foleni. Bila friza, hakuna ugali. Lakini Rozi ndiye aliyempelekea uji wodini siku tisa mwaka jana alipolazwa. Utamnyimaje mtu wa namna hiyo? Akakubali, ila akaenda nalo mwenyewe, akavuta kigoda akakaa kando yake asije mtu akalichokonoa.

Saa nne mgeni akaingia. Mmoja tu! Kijana wa shati lililopigwa pasi, faili mkononi, na soda hakuitaka. Akazunguka sebuleni akipiga picha: makochi, televisheni, friza.

Marta akajua mara moja. Huyu si mgeni, huyu ni mtu wa mapato! Kasikia habari za friza la magendo, na aliyemchomea ni Rozi. Ndiyo maana alitaka litolewe ndani!

"Friza hili la nani?" kijana akauliza.

Rozi akafungua mdomo, Marta akamwahi. "Lake! Mimi jirani tu, nimepita kusalimia."

"Una uhakika, mama?"

"Haki ya Mungu, lake."

Kijana akafurahi, akampa kalamu. "Basi saini hapa kama shahidi."

Marta, anayesoma hata gazeti lililofungia maandazi, siku hiyo alisaini bila kusoma, ilimradi mtu yule aondoke. Rozi alikodoa macho tu. Jioni friza likarudi nyumbani, na Marta akajipongeza kwa kuwaweza wote wawili.

Miezi minne ikapita. Kila pikipiki iliposimama nje, Rozi alichomoka kwa mlango wa nyuma, kanga kichwani. Marta akachungulia dirishani, akakata shauri: huyu kapata mwanamume. Kumbe maskini alikuwa akiwakimbia watu wa mikopo. Alikopa kwa ajili ya biashara ya vitenge, mama yake akaugua kule Isansa, fedha zikaishia hospitali. Marejesho ya wiki yakalegea. Akachukua mkopo wa kausha damu ili azibe pengo, riba yake ikammaliza kabisa.

Alhamisi moja pikapu ikasimama. Alishuka kijana yule yule, safari hii na mwenyekiti wa mtaa, Zebedayo, na wabebaji wawili. Makochi yakapanda, televisheni ikapanda.

"Na friza?"

Kijana akatazama picha kwenye simu, kisha akatazama friza lililokuwa kwenye baraza la Marta. Bonyeo lile lile ubavuni, kiraka kile kile cha rangi ya kijani.

"Ala! Dhamana mmeificha kwa jirani?"

"Dhamana gani? Friza langu hilo!" Marta akaruka.

"Risiti, mama."

Risiti atoe wapi?

"Ni lake, kaka," Rozi akasema akilia. "Mimi niliazima, naapa."

"Kila mdaiwa husema hivyo." Kijana akafungua faili, akampa Zebedayo.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Mimi Marta Nzunda, jirani, nathibitisha kuwa friza ni mali ya Rozi."

Marta alitaka kukana, lakini kwa Zebedayo angekana nini? Mwenyekiti aliijua sahihi ile kuliko ya mkewe, maana kila mwezi Marta alimpelekea barua ya kulalamikia majirani.

Friza likainuliwa, maji yakimwagika barazani. Kijana akamgeukia Marta kwa adabu, kalamu mkononi.

"Mama, tunahitaji shahidi kwamba mali imechukuliwa. Saini hapa."

Marta akaipokea karatasi. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari, mara mbili, na pikapu ilikuwa imeshawasha injini.