Kitambaa cha Ukoo Gani?

Mchungaji Gitonga alitoa tangazo lake, na Nabalayo akabaki njia panda. Jumapili ijayo kanisa lao la Baba Dogo lingewakumbuka wamisionari wa Kiskoti walioleta injili. Kila familia ilete kitambaa cha drafti cha ukoo wake, jina la ukoo liitwe, wenye ukoo wasimame, kitambaa kibarikiwe. Ndivyo wafanyavyo Waskoti, alisema; kwao kila ukoo una drafti yake.

Haya, Waskoti wanajua koo zao. Nabalayo je? Yeye Mbukusu, marehemu mumewe, Ndung'u, alikuwa wa mbari ya Gathuku kule Murang'a, na mahari haikutolewa hata mbuzi mmoja. Tangu mazishi, wifi yake Eve, mzee wa kanisa hilohilo, hakuwa amemsalimu. Asiposimama na mbari ya mumewe, angekuwa amekiri mwenyewe kwamba hakuwahi kuolewa. Akisimama, Eve angeweza kumkalisha mbele ya watu wote.

Akaenda sokoni Gikomba. Matheka, muuza mitumba, akamtolea skati nyekundu ya drafti.

"Hii ni ya ukoo gani?"

Matheka akageuza lebo. "Ukoo wa Polista, mathe. Hauchuji."

Nabalayo hakucheka. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akatoa sandukuni shati la drafti la Ndung'u, alilokuwa akivaa kiwandani, kola imelika. Kama hilo si la ukoo, basi hakujua ukoo ni nini. Na kusema kweli, hakujua.

Jumapili ikafika.

"Mbari ya Gathuku!"

Eve akasimama na kitambaa kipya kilichopigwa pasi. Nabalayo naye akasimama, shati mkononi. Shingo zote zikageuka. Eve akaacha kitambaa chake kwenye benchi, akaja moja kwa moja, akalishika shati kwenye mkono mmoja. Nabalayo akavuta. Eve akavuta. Wakavutana kama wateja wawili kwenye belo la mitumba lililofunguliwa sasa hivi.

"Niachie! Ni ya mzee wangu."

"Najua ni ya nani," Eve alisema, machozi yakimlengalenga. "Hiki kifungo nilimshonea mimi."

Wala hakuachia. Nabalayo hakuelewa kama ananyang'anywa au anashikwa mkono.

Mchungaji akakohoa. "Sasa hapa nibariki familia ngapi? Moja ama mbili?"

"Moja," Eve alisema, kabla Nabalayo hajamaliza kusema mbili.