Saini Kabla ya Kusikia

Mratibu wa masomo alitusogezea fomu kabla hatujakaa vizuri. "Notsi zote zimo kwenye kompyuta yako, binti. Weka saini hapa kwamba umepokea."

Mpwa wangu haoni, na mtihani wake ni Jumatatu. Aliinua kalamu, nikamshika mkono. Sijasahau njia ya viti vya magurudumu waliyoijenga chuoni hapa mwaka juzi. Wageni walipiga nayo picha, na mlango uliopo mwisho wake una kufuli hadi leo.

"Fungua kwanza, tusikie."

"Mzee, hutuamini?"

"Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Kompyuta ya mpwa wangu, inayomsomea kwa sauti, ikaanza: "Ukurasa wa kwanza, picha. Ukurasa wa pili, picha." Ikaendelea hivyo hadi ukurasa wa arobaini. Walikuwa wamepiga picha kurasa za kitabu, basi. Mashine haikuona neno la kusoma.

Mratibu akakohoa. "Si mwenzake atamsomea?"

"Wenzangu nao wana mtihani, bosi," mpwa wangu akasema. "Mjomba, niandikie hapo: nimepokea picha arobaini."

Nikaandika, akatia saini. Mratibu akaidaka fomu. "Hii naichana!"

"Ichane tu," binti akamwambia. "Tunasubiri notsi hapahapa."

Nikavuta kiti cha pili.