Kisanduku cha Siku

Kwa miaka miwili nilitengeneza maktaba ambayo hakuna aliyeitumia. Si maktaba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vya skrini: vitufe, orodha za kuchagua, visanduku vya kujazia jina na tarehe, ili anayetengeneza programu achukue kilicho tayari badala ya kuumiza kichwa upya. Niliiweka mtandaoni bure, yeyote aichukue na kuibadilisha atakavyo. Hakuna aliyeichukua. Mtumiaji wake wa pekee nilikuwa mimi, na hata mimi ilinisumbua.

Ndiyo maana Hajati Jaliah aliponiambia ataijaribu kwenye kliniki yake ya watoto mjini, pale Ruti, niliacha chakula cha jioni mezani nikarudi kwenye kompyuta. Alinipa mpaka Ijumaa. Ikishindikana, angechukua programu ya watu wa Kampala waliokuwa wakimpigia simu kila siku.

Alhamisi nilianza kuijenga nyumbani, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kuijenga maana yake ni kuiambia kompyuta iyakusanye mafaili yangu mia mbili iyafanye mawili, na kwa kazi hiyo inataka kwanza kuvuta vifaa vyake kutoka mtandaoni. Modemu ilivuta, ikavuta, ikakata. Nikaanza upya. Ikakata. Mara ya nne ilifika mwisho kabisa, halafu ikamwaga mistari arobaini myekundu, yote ikisema jambo moja: kuna kifaa kimoja hakijafika. Kimoja tu. Nilifunga kompyuta kwa kishindo, mama akatoka jikoni kuangalia nimevunja nini.

“Emery, iyo mashini inakukosea nini?”

“Yote, mama.”

Ijumaa asubuhi nilikuwa Ruti. Mtandao wa kliniki ulikuwa mzuri, kwa hiyo shida ikahamia kwingine: kompyuta ya Hajati ilikuwa na toleo la zamani la kila kitu. Nikiongeza hiki, kile kinakataa. Saa saba mchana, shati limenigandia mgongoni, fomu ikatokea kwenye skrini, safi, na kitufe chake cha kijani. Nusura nilie.

Hajati alikaa akaandikisha watoto watano kutoka kwenye daftari la jana. Alikuwa na haraka. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa akaandika mwaka tu, 2015, na kusonga mbele. Kisha akafungua orodha ya chanjo, akaisogelea skrini.

“Ssebo,” aliniita, yaani bwana, “hawa watoto wako na wiki mbili. Kwa nini mashini inasema wamechelewa sindano miezi saba?”

Niliinama kuangalia. Wote watano walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari.

“Haiko kosa, Hajati. Mutu akiacha siku wazi, inamuandikia moja Januari.”

“Nani alikuambia ifanye hivyo?”

Hakuna aliyeniambia. Nakivale, ukiulizwa siku uliyozaliwa na hujui, unaandikiwa tarehe moja Januari kwenye kadi ya mkimbizi, na wasiojua ni wengi mno. Mama yangu ni moja Januari. Majirani zetu wa pande zote mbili ni moja Januari. Nilipotengeneza kile kisanduku sikufikiri hata kidogo. Nilidhani fomu zote duniani ziko hivyo, na kwamba nimempunguzia karani kazi. Nilikuwa najivunia.

“Kwetu bote banaandikiwa vile,” nilisema.

“Hapa mtoto anazaliwa leo, mama yake anajua ni leo. Nesi wangu akisahau kuandika, mashini yako inadanganya, halafu inanyamaza. Toa hiyo kitu. Kama siku haiko, ikatae.”

Nilikasirika, tena kwa hasira ya kijinga, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikaifuta ile mistari ya programu iliyokuwa ikijaza moja Januari. Nikajenga upya, ikagoma. Nikasaga meno, nikajenga tena. Ilikubali saa kumi kasorobo.

“Jaribu na mtu,” alisema Hajati. “Wewe mwenyewe.”

Nikaandika jina langu. Nikaandika mwaka, 1986. Nikafika kwenye siku, mkono ukasimama. Nilitoka nje ya mlango nikampigia mama.

“Mama, mi nilizaliwaka siku gani?”

“Tulikuwa tunavuna mihogo. Baba yako alikuwa ku soko. Kulinyesha mvula mingi.” Halafu akaniuliza: “Si uandike moja Januari, sawa vile iko ku kadi?”

Ningeweza kuiandika. Kisanduku kingeipokea bila ubishi, na hakuna ambaye angejua. Lakini mchana kutwa nilikuwa nimeambiwa kwamba huo ni uongo, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nausikia kama uongo. Nilirudi ndani, nikaacha siku wazi, nikabonyeza kitufe cha kijani.

Kisanduku kikawa chekundu. Fomu haikwenda popote.

Hajati alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. “Imekukataa,” alisema, ameridhika kabisa. “Nzuri sana. Sasa weka kwa kompyuta zote.”

Zilikuwa tatu. Nikaiweka kwenye zote.