Mgeni Ndani ya Kioo

Samaki mpya alikuwa ndani ya tangi, lakini hakuwa bado miongoni mwa wenzake. Alielea katika kijisanduku cha plastiki chenye matundu, kilichoning'inizwa kwenye ukingo wa kioo, huku dume mwekundu, mwenyeji wa maji yale ya chumvi, akikizunguka kwa mapezi yaliyosimama kama manyoya ya mbwa aliyeudhika.

"Huyu amefungwa kwa kosa gani?" aliuliza Yeyo Priscilla, mama mkwe wa Nyawira, akiinama hadi hereni zake za shanga zikagonga kioo.

"Hajafungwa, Yeyo. Tunawazoesha. Yule wa kwanza nilimtumbukiza tu, huyu mwekundu akamfukuza mpaka akaruka nje. Nilimkuta zuliani, amekauka kama ganda la ndizi."

"Na si wanafanana?"

"Ni ukoo mmoja, jamaa za pono. Ndiyo maana hawaelewani."

Yeyo alicheka. "Kumbe hata baharini kuna wakwe!"

Alikuwa ameletwa Kitengela na mwanawe, Parmuat, baada ya kiangazi kummalizia ng'ombe kule Bisil. Alikuja na shuka mbili na kibuyu cha maziwa. Nyawira alimpokea kwa adabu isiyo na doa: chumba cha wageni, blanketi jipya, taulo lililokunjwa. Wiki hiyohiyo alikuwa akimngojea samaki wake, naye alimwandalia kwa moyo wote. Alipunguza mwanga wa taa. Aliyapanga upya mawe ili dume mwekundu asahau mipaka yake. Alifunika tangi kwa wavu. Kila jioni alivuta kiti akaketi kuwatazama, akisoma kila mtikisiko wa pezi kama mama asomaye homa katika macho ya mwanawe.

Asubuhi moja Yeyo alichoma kijiti cha mzeituni mwitu jikoni, akakisugua ndani ya kibuyu kama alivyofanya tangu alipoolewa, ili maziwa yachukue ladha ya moshi. Nyawira alitoka mbio.

"Yeyo, tafadhali! Pampu inavuta hewa ya humu ndani. Utaniulia samaki."

"Sasa nifanyie wapi?"

"Labda nje, pale karibu na geti."

Getini, mlinzi alimwambia kuwa moto hauruhusiwi. Yeyo alirudi, akakiweka kibuyu juu ya kabati, na tangu siku hiyo akanywa maziwa ya pakiti, nusu kikombe, akashukuru. Nyawira aliisikia shukrani ile akaidhania ni amani. Kimya kingi hupita mlangoni kwa jina hilo.

Jumamosi alimfungulia samaki. Dume mwekundu alimfuata, akamzunguka, kisha akamwacha. Nyawira alipiga makofi.

"Yeyo! Njoo uone!"

Hakuitikiwa. Chumba cha wageni kilikuwa kimefagiliwa, na blanketi kukunjwa kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Taulo halikuwa limewahi kukunjuliwa.

"Amenipigia simu. Ameshafika Bisil, kwa dada yake," Parmuat alisema aliporudi. "Anasema ulimtunza vizuri."

"Mbona hakuniambia anaenda?"

"Ungemsikia?" Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Nyawira.

Alijaribu kukumbuka kitu kimoja alichokisogeza kwa ajili ya mama yule. Kiti? Rafu? Saa ya kula? Chumba kilikuwa kitupu hata kabla hajaja. Kumpa mtu kilichokuwa wazi si kumpisha.

Akapiga simu. Upande wa pili zilisikika njuga za mbuzi.

"Takwenya, Yeyo," alimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko, mwanangu. Umekula?"

"Rudi nyumbani, Yeyo. Nitaliondoa hili tangi."

"Wacha kusumbua samaki wa watu. Si walikuwa wanazoeana? Wameelewana?"

Nyawira alitazama. Samaki wawili walikuwa wakidonoa jiwe moja, ubavu kwa ubavu.

"Wameelewana," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani akaona haya kutoa habari njema.

"Ashe, asante. Hiyo ni vizuri sana."

Kisha mtu alimwita Yeyo kwa mbali, naye akaitika kwa sauti ambayo Nyawira hakuwahi kuisikia nyumbani kwake: sauti pana, yenye kicheko, isiyoomba ruhusa. Simu ilibaki wazi. Nyawira aliishikilia sikioni, akaendelea kusikiliza.