Leseni ya Nyati Mmoja

Simu ya kwanza ilimkuta Mbeti penye bomba la nje, Jumatatu asubuhi, akifua mashuka ya babake. Namba hakuijua.

"Niaje, siste," ilisema sauti ya mwanamume, laini, isiyo na haraka. "Ile ngozi ya mzee bado iko?"

"Ngozi gani?"

"Ya chui. Si tumeiona Facebook? Kaeni mkijua tunaitaka. Nitapiga tena."

Simu ikakatika. Mbeti alibaki ameishika sikioni, povu la sabuni likimchuruzika mpaka kiwikoni.

Alijua mara moja mambo yalikoanzia. Jumamosi wazee wa ukoo walikuja hapo Kaloleni kupokea posa ya mpwa wake. Mzee Makau, babake, ambaye tangu apate kiharusi alikuwa hatoki kitandani ila kwa mkongojo, alifurahi akapitiliza. Alifungua sanduku lake la bati, akatoa ngozi ya chui ambayo Mbeti aliiona mara mbili tu utotoni, akajitupia begani. Watu wakapiga vigelegele. Binamu yao Wathome akapiga picha, akaitia mtandaoni na maneno: "Mwindaji wa kweli, Kaloleni." Jumapili jioni picha ilikuwa imeshasambazwa na watu ambao Mbeti hakumjua hata mmoja.

Wathome aliifuta alipoambiwa, lakini huku akicheka. Mzee naye alikasirika.

"Mnaniogopea nini? Mimi si jangili. Nina leseni!"

Hilo neno Mbeti alikua nalo. Babake alikuwa mchuna ngozi katika kambi za wawindaji huko upande wa Kibwezi, kabla serikali haijafunga uwindaji, kisha akapata kazi katika maghala ya reli. Mtoto akidanganya kwenye nyumba ile, akiiba hata sukari, mzee alimwambia: "Kila mnyama niliyemgusa mimi alikuwa na karatasi yake." Sasa akaitoa karatasi yenyewe kutoka ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne, ya manjano, ina muhuri. Mbeti hakuisoma. Aliishika tu, moyo ukamtulia kidogo, akaipeleka kwa Rufaida.

Rufaida alikuwa binti wa jirani yao Bi Muhiba, karani katika ofisi ya wakili mjini, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo ya uzazi. Aliisoma karatasi huku akinyonyesha. Aliisoma mara ya pili. Akamwondoa mtoto titini.

"Dada Mbeti, hii ina jina la nani?"

"Si la Baba?"

"Ni la Mzungu. Babako ameandikwa huku chini, kama mfanyakazi wa kambi. Na tazama: Julai mosi hadi Oktoba thelathini na moja, mwaka wa sabini na tano. Nyati dume mmoja. Swala pala wawili. Ngiri mmoja. Basi." Kidole chake kilisimama. "Chui hayumo."

Mbeti aliuliza kama haiwezekani waliandika mahali pengine. Rufaida akatikisa kichwa, akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wateja. Zamani kila mnyama alikuwa na leseni yake, na msimu wake, na eneo lake. Ukizidisha mmoja umevunja sheria. Mwaka wa sabini na saba uwindaji ukafungwa kabisa. Hakuna msimu tena, hakuna leseni tena. Na ngozi, pembe au jino lililobaki nyumbani, hata kama lilipatikana kihalali, linahitaji kibali cha kuliweka. Asiye nacho, faini yake huanzia milioni na kifungo chake huhesabiwa kwa miaka.

"Ana miaka sabini na minne, Rufaida. Hawezi hata kwenda chooni peke yake."

"Najua. Lakini ngozi ikikutwa nyumbani, atakayeshikwa ni wewe."

Siku ya pili, saa sita mchana, gari jeupe lisilo na maandishi lilisimama mbele ya ukumbi wa mtaa. Mbeti aliwaona kupitia pazia: wanaume wawili, mmoja amevaa buti mpya. Waliuliza kwa jirani nyumba ya Mzee Makau ni ipi. Jirani akaonyesha kwa mkono.

Aliweka komeo. Kama ni askari, watamkuta na sanduku. Kama ni wale wa simu, Mungu peke yake ndiye ajuaye. Alirudi chumbani kwa kunyata, akakaa kitandani kando ya babake. Mlango ukabishwa. Kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kuwasha. Mbeti aliona mabega yake yakipanda kwa kikohozi, akamfunika mdomo kwa kiganja. Macho ya mzee yalimtazama juu ya vidole vyake, yamejaa machozi. Mlango ukabishwa tena, kwa nguvu zaidi, kitasa kikazungushwa.

"Wamo ndani," mmoja alisema. "Sufuria iko jikoni inachemka."

Walingoja. Kisha hatua zikaondoka. Chini ya mlango walikuwa wameingiza kipande cha karatasi chenye namba ya simu, bila jina. Haikuwa ile ya Jumatatu.

Wathome alipopigiwa hakucheka tena. "Ichome," alisema. "Ama itie kwa gunia nikaitupe mtoni huko Mukuru." Mbeti aliwasha jiko kwa kweli. Alilivuta sanduku, akaifungua ngozi sakafuni, na harufu ya chumvi ya kale ikajaa chumba. Alikuwa ameshika kisu cha kuikatia vipande Rufaida alipoingia kwa mlango wa nyuma, mtoto mgongoni.

"Usiichome, usiibebe!" alisema. "Ukiichoma umeharibu ushahidi, ukikamatwa nayo njiani wewe ndiye mfanyabiashara. Wakili wangu amesema tupige simu ofisi ya wanyamapori sisi wenyewe, tuisalimishe, na mzee aandike maelezo ya ilikotoka."

"Siandiki," mzee akasema kutoka kitandani.

Walidhani ni ukaidi. Lakini mkono wake usio na kiharusi ulikuwa umeshika blanketi kama wa mtu anayeogopa kuanguka.

"Yule chui sikupewa na Mzungu," alisema. "Alinasa kwenye tanzi langu. Nililitega mwenyewe, nikitafuta kitoweo cha swala. Nikammaliza kwa rungu. Askari wa wanyamapori walipokuja kambini walikuta damu na tanzi karibu na hema la Munyao, mwenzangu. Ngozi nilikuwa nimeshaificha. Munyao alisema hajui lolote. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, kama wewe ulivyosimama. Nikanyamaza."

"Wakamfanya nini?"

"Miaka miwili, jela ya Machakos."

Mbeti aliketi sakafuni kando ya ngozi. Hofu aliyokuwa nayo tangu Jumatatu haikupungua. Ilipata tu mahali pengine pa kukaa. Alimtazama babake akajaribu kuusikia ule msemo wake wa karatasi, akashindwa kuuvumilia.

"Utaandika," alimwambia. "Yote. Na jina la Munyao."

Aliandika Mbeti, mzee akatia dole gumba. Maafisa walikuja Alhamisi saa nne, watatu, na Mbeti hakuwafungulia mpaka Rufaida alipozisoma namba zao za kazi kwa simu na ofisi ikazithibitisha. Hawakuwa wale wa gari jeupe. Mkubwa wao alisema hawakumtuma mtu Jumanne, akaikunja ile karatasi ya namba akaitia mfukoni, na namna alivyoikunja, kwa uangalifu mno, ilimtia Mbeti hofu. Wakaipima ngozi, wakaipiga picha, wakaondoka nayo ndani ya mfuko uliotiwa lakiri. Kuhusu mzee walisema wataambiwa.

Walingoja wiki tano. Kila gari likipunguza mwendo Mbeti aliacha alichokuwa akifanya. Ile sauti laini ilipiga mara moja tu, ikauliza, "Mmeipeleka wapi?" Alipojibu kuwa iko kwa serikali, ikasema "Sawa" kwa namna iliyomfanya alale kwa Bi Muhiba siku nne, yeye na babake. Kisha barua ikafika: kwa sababu ya umri, maradhi na kusalimisha kwa hiari, mshukiwa hatashtakiwa. Wathome alitaka wachinje mbuzi. Mzee akakataa.

Munyao alikuwa ameshafariki. Bintiye, Norah, alikuwa na duka la vitambaa Eastleigh, na Mbeti alimpata kwa kuulizia watu wa kwao. Jumamosi walisimama mlangoni pa duka, mzee amemwegemea Mbeti.

"Mimi ni Makau," mzee alianza. "Nilifanya kazi na babako."

Norah aliweka mkasi chini. "Makau wa kambini?" "Baba alikufa akisema iko siku utakuja. Sisi tulimwambia hutakuja."

Norah akavuta kiti, akakiweka katikati ya duka, si karibu naye wala si karibu na mlango.

"Kaa hapo," alisema. "Sema. Na usiruke kitu."